Matundu Matatu

Mashine ya kutoboa nimeazima kwa binti yangu.
Inauma karatasi, kra, matundu matatu,
na chini ya meza ya jikoni
viduara vyeupe vimejaa, theluji ya pili,
kana kwamba ile ya nje, iliyofika dirishani, haitoshi.

Miaka kumi na tisa nalea watoto wa watu hapa Madawaska,
sasa wakubwa wanataka ushahidi.
Haya, ushahidi huu hapa:
cheti cha huduma ya kwanza,
nilichokipata kwa kumpulizia pumzi mwanasesere wa plastiki;
menyu ya wiki, Jumatatu supu ya njegere,
Jumanne ploye za moto, zenye vitundu juu, siagi inazama;
shughuli tisa, kila moja na umri wake,
na sababu. Kila kitu lazima kiwe na sababu.
Kwa nini unga wa kufinyanga? Misuli midogo ya vidole.
Kwa nini wimbo wa kunawa mikono? Sekunde ishirini.
Kwa nini siku ile nilimpakata Emmett Cyr saa nzima
vyombo vikilala bila kuoshwa?
Hakuna kisanduku cha hilo.
Nimeandika: "Ukuaji wa kihisia."

Rosaire anapita na soksi zake, anachungulia.
"Bado hujamaliza kitabu chako?"
Si kitabu, namwambia mume wangu. Ni jalada.
"Kina kurasa," anasema, "na kimekunyima usingizi."
Anazima taa ya ukumbi, anakwenda kulala.

Madodoso ya wazazi niligawa kumi na moja,
yamerudi manane.
Saba yamenisifu mpaka nikaona haya.
La nane ni la Jolène Cyr,
wa zamu ya usiku kiwandani, mashine namba nne;
huenda karatasi hii yenyewe
ilipita mikononi mwake ingali na joto.
Alama zote nzuri. Kisha, chini kabisa,
kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino:

"Unamjua mwanangu kuliko ninavyomjua. Inaniuma."

Niliiweka chini ya jagi. Nikaitoa. Nikairudisha.
Kanuni zinasema madodoso yote yaingie, usichague,
lakini si kanuni zilizoniweka macho.
Nilikumbuka Novemba ile, mlangoni,
Jolène ametoka kwenye usingizi wake wa mchana,
nywele zimelalia upande mmoja,
nami nikamrukia kwa furaha, mpumbavu mimi:
"Ametembea! Hatua nne, toka kwenye rafu hadi kwangu!"
Akasema, "Ah."
Akasema, "Vizuri."
Akahangaika na zipu ya koti la mtoto
muda mrefu mno.

Nikafungua tamko la uhusiano na familia.
Nilikuwa nimeandika: "Huwapasha wazazi kila siku
habari za maendeleo ya mtoto."
Sentensi safi, imechana nywele.
Nikaipiga mstari.
Hadi saa saba usiku sikuwa na nyingine
ila hii, na sijui kama ina alama:
"Si kila nijualo ni langu kulisema."

Karatasi ya Jolène niliitoboa mwisho,
taratibu, matundu yasiguse maneno.

Hiyo ilikuwa jana. Mkaguzi anakuja kesho.
Leo asubuhi Maëlle Daigle, miezi kumi na moja,
aliachia ukingo wa beseni la maji,
akaitazama mikono yake mitupu kama aliyeangusha kitu,
kisha hatua.
Kisha ya pili.
Kisha akakaa, pwa, kwa nepi yake nono.
Nikaandika tarehe na saa kwenye daftari la uangalizi,
nikalifunga.

Jioni baba yake akauliza, "Siku imekwendaje?"
"Amekula karoti zote," nikasema.
"Na Jumamosi, mkipata nafasi,
sogezeni ile meza ya sebuleni,
mkae chini sakafuni, wote wawili,
mmwangalie."